Ukurasa wa I

Ni kaunta buku, kwaya tatu zisizoimba,
uti wake nimeushona upya kwa pindo la kanga.
Limenenepa. Halifungi tena,
linaacha mdomo wazi kama gunia la viazi
lililoshonwa na mtoto.

Ndani nimebandika nilivyoona haya kutupa:
tiketi ya basi la Makambako,
ua la pareto lililokauka likawa rangi ya chai,
sindano tatu za msonobari
zilizoshikana kitako, kama ndugu.
Na pembeni ya kila kitu, maandishi.

Naandika usiku, jiko la mkaa miguuni,
maana Julai ya Mafinga haina adabu:
wino unakuwa mzito,
vidole vinagoma kukunja mkia wa y.

Mkono huu si wangu. Niliuazima kwa kaka Atilio,
aliyechora maneno nyuma ya malori ya mbao.
Alinifundishia chini, kwa kijiti,
juu ya vumbi la msumeno:
*Ukishuka, bonyeza. Ukipanda, pumua tu.
Usiipambe herufi kabla haijasimama,
hata bibi harusi huoga kwanza.*

Herufi moja, mia tano. Kivuli, ongeza mia mbili.
Maua ya pembeni alitoa bure,
hakuwa na hesabu ya maua.

Ndipo likaja lori la Mzee Chengula,
jekundu, bado linanuka duka.
Alitaka MUNGU NI MWAMINIFU,
njano, na kivuli cha bluu.
Akahesabu kwa kidole kwenye karatasi,
akalipa herufi kumi na sita, taslimu.
Kaka alikaa nalo siku mbili.
Ile W ilining'inia kama mashati mawili kambani,
F ilikuwa na kofia.
Watu wakapiga makofi, lori likaondoka,
na lilipokata kona kuingia lami, nikasoma:

MUNGU NI MWAMINFU.

Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
naye anaosha brashi kwa petroli, anapiga mluzi.

Miaka sita lile lori lilikwenda Tunduma likarudi.
Lilipanda mizani, likapimwa hadi kilo ya mwisho.
Trafiki walilisimamisha, walimu walilipungia mkono,
mchungaji mmoja alilifuata nyuma mlima mzima,
mbele yake hakuna kingine cha kusoma.
Hakuna aliyeliona pengo.
Labda jicho likishaamini
hujaza lenyewe.

Siku hizi maneno hutoka kwenye mashine,
yamenyooka yote, yanabandikwa kama plasta.
Kaka kahamia Ilula, kwenye nyanya.
Akipiga simu anaulizia mvua na bei ya matenga.
Brashi hazitaji. Nami sizitaji.

Jana nikafungua ukurasa mtupu.
Sikubandika picha, sikuweka utepe.
Nikavuta pumzi, nikashuka, nikabonyeza:
I moja, nene, imesimama
kama nguzo ya mkaratusi inayosubiri nyaya.
Nikaiacha isimame kwanza.
Halafu njano. Halafu kivuli cha bluu
upande wa kushoto, upande wake uleule,
kwa sababu jua la Atilio
lilichomoza kulia maisha yake yote.
Miguuni nikazungushia maua.
Bure.

Nikaipuliza hadi ikakauka, mkaa ukazimika.
Na chini kabisa, kwa mwandiko wa kawaida,
ule wa risiti:

*Kwa Mzee Chengula.
Herufi ya kumi na sita.
Samahani kwa kuchelewa.*